Kuunganisha Picha Bila Mshono Kuonekana: Mwongozo Kamili

Anayeanza kuunganisha picha mara nyingi hukimbilia kifutio chenye ukingo laini. Huweka picha ya pili juu ya ile ya kwanza, huipitishia kifutio pembezoni, na anachopata ni ukungu uliozunguka kitu ambacho kila mtu anaona kimebandikwa. Chanzo chake ni kwamba picha hizo mbili hazikupatana tangu mwanzo. Moja ilipigwa jua likiwa utosini, nyingine jua likizama. Moja ina vivuli vyeusi tii, nyingine vivuli vyake vimepauka. Jicho la mtazamaji hunasa tofauti hizo upesi, hata kama mwenyewe hawezi kueleza kilichomkera. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujagusa ukingo: picha zipatanishwe kwanza, ndipo ziunganishwe.

Hatua hizi zinafaa kwa Photoshop, GIMP, Krita, Affinity Photo na Photopea, maana zote zina matabaka, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya faili moja, na maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka. Majina ya amri za menyu nimeyaacha yasomeke kama yalivyo kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Chagua picha zinazoweza kukaa pamoja

Ziweke picha zako mbili kando kwa kando na utazame vivuli. Kivuli cha pua, cha shina la mti au cha jiwe kitakuonyesha mwanga umetoka wapi. Ikiwa katika picha moja unatoka kushoto na katika nyingine unatoka kulia, unaweza kuigeuza moja kama inavyoonekana kwenye kioo, alimradi haina maandishi, saa ya mkononi au vifungo vya shati vitakavyokusaliti. Ikiwa mwanga unampiga mtu mgongoni katika picha moja na usoni katika nyingine, hakuna hila ya kuaminika. Tafuta picha nyingine, utaokoa saa nyingi.

Tazama pia ukali wa mwanga. Jua tupu huchora vivuli vyenye kingo kali, na wingu zito huvififisha hadi visionekane. Mtu aliyepigwa picha chini ya wingu anaweza kuingizwa mahali penye jua kama yumo kivulini, lakini si katikati ya uwanja.

Kisha linganisha urefu wa kamera. Kamera ikishikwa usawa wa macho kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho hupita kwenye macho ya kila mtu aliyesimama mwenye kimo kama cha mpigapicha, awe karibu au mbali. Kanuni hii moja inakuambia mtu unayembandika awe mkubwa kiasi gani: macho yake yaguse mstari huo, na miguu yake ifike pale unapotaka asimame. Akionekana jitu au kibeti, karibu kila mara tatizo ni mstari huo.

Ukiweza, epuka picha iliyokwisha kupitishwa kwenye programu za kutumiana ujumbe, utafute ile ya asili. JPEG hubana picha kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana miraba hiyo hujitokeza mara unapoanza kusogeza mwanga na rangi. Na zikitofautiana ukubwa, punguza kubwa ifikie ndogo. Ukiikuza ndogo, itakuwa na ulaini ambao jirani yake hana.

Andaa faili

1. Fungua picha ya usuli, yaani ile itakayobaki nyuma. Hiyo ndiyo itakayoamua mwanga, rangi na chembechembe, yaani vijidoa vidogo ambavyo kamera huacha kwenye picha. Nyingine zote zitaifuata.
2. Ingiza picha ya pili kama tabaka. Katika GIMP nenda File, kisha Open as Layers. Katika Photoshop tumia Place Embedded, kwa sababu tabaka linaloingia kwa njia hiyo linaweza kupunguzwa na kurudishwa ukubwa wake bila kupoteza pikseli.
3. Kama programu inaruhusu, badilisha faili iwe ya biti 16 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu). Biti 8 zina ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na anga lililorekebishwa mara tatu nne huanza kuonyesha mistari. Biti 16 zina nafasi ya ngazi 65,536.
4. Ukiulizwa kuhusu wasifu wa rangi (color profile), yaani maelezo ya namna rangi za faili zinavyosomwa, kubali picha ya pili igeuzwe kuufuata ule wa faili kuu.

Yape matabaka majina. Ni jambo dogo, lakini faili ikifika matabaka 15 utashukuru.

Patanisha mwanga, kisha rangi

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, kwa hiyo usiharakishe. Macho yetu hugundua tofauti ya mwanga mapema kuliko tofauti ya rangi, na rangi hutuhadaa tunapojaribu kupima mwanga. Ndiyo maana huanza kwa kuiondoa rangi kwa muda.

Tengeneza tabaka jipya juu kabisa, lijaze kijivu, kisha badilisha namna yake ya kuchanganyika na matabaka ya chini (blend mode) iwe Color. Katika GIMP chagua LCh Color. Picha nzima itaonekana ya kijivu, ila hujaharibu chochote. Ukizima tabaka hilo, rangi zinarudi.

Sasa tafuta sehemu nyeusi kabisa ya usuli iliyo umbali sawa na kitu unachokibandika, na uipime kwa kifaa cha kudondoa rangi. Maneno "umbali sawa" yana uzito. Hewa yenye unyevu na vumbi hutawanya mwanga, hivyo kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo weusi wake unavyopauka. Tuseme kivuli cha mti wa mbali kinasoma 40 badala ya 0, kwenye kipimo ambacho 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Kama kitu unachokibandika pale kina weusi wa 5, kitaonekana kimekatwa kwa mkasi hata ukingo wake uwe mzuri namna gani. Fungua Curves, yaani mstari unaopandisha au kushusha mwanga kutoka weusi hadi weupe, kwenye tabaka la kitu hicho peke yake na uinue ncha ya chini ya mstari hadi weusi wake usome karibu na 40. Fanya vivyo hivyo kwa weupe, ukishusha au kuinua ncha ya juu. Mwisho sogeza katikati ya mstari mpaka mwanga wa wastani ufanane.

Ili Curves iguse tabaka moja tu katika Photoshop, ibanie kwenye tabaka hilo kwa Create Clipping Mask. GIMP 3.0, iliyotoka mwaka 2025, inakuruhusu kuacha filta nyingi zikiwa hai juu ya tabaka, uzirudie baadaye. Katika matoleo ya zamani, nakili tabaka kwanza na ufanyie marekebisho kwenye nakala.

Zima tabaka la kijivu uanze rangi. Tafuta kitu kinachopaswa kuwa kijivu au cheupe katika picha zote mbili: jiwe, saruji, shati. Kipime. Tuseme jiwe la usuli linasoma nyekundu 128, kijani 124, buluu 110, na jiwe la picha ya pili linasoma 122, 126, 135. Hapo huna haja ya kubahatisha: ingia chaneli ya buluu ndani ya Curves uishushe, kisha inua nyekundu kidogo. Pima tena. Kama hakuna kitu cha kijivu, tazama chaneli moja moja. Katika Photoshop, Ctrl na 3, 4 au 5 huonyesha nyekundu, kijani au buluu ikiwa peke yake kama picha ya kijivu, na Ctrl na 2 hukurudisha. Katika kila chaneli, kitu kilichobandikwa kionekane kimekaa vizuri na majirani zake. Kikizidi mng'ao au giza, rekebisha mstari wa chaneli hiyo.

Ukolezi wa rangi uache mwisho. Weka juu ya yote marekebisho ya Hue/Saturation na upandishe ukolezi kupita kiasi kwa muda mfupi. Rangi isiyoelewana na nyingine itapiga kelele. Irekebishe, kisha ufute marekebisho hayo ya juu.

Maski badala ya kifutio

Kufunika sehemu ya picha ili nyingine iingie si jambo la kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mpigapicha aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kuwa picha moja, akichapa sehemu moja baada ya nyingine na kukinga karatasi iliyobaki isipate mwanga. Akikosea sehemu moja, karatasi nzima imeharibika. Maski ya leo inafanya kazi ileile, ila haiharibu kitu.

Maski ni picha ya kijivu iliyofungwa kwenye tabaka. Palipo peupe tabaka linaonekana, palipo peusi linafichwa, na kijivu cha katikati hulionyesha nusu. Kila pikseli ya mwisho ni mchango wa tabaka la juu kwa kadiri ya weupe wa maski, na kiasi kinachobaki hutoka tabaka la chini. Hesabu ni hiyo tu.

Ongeza maski nyeupe kwenye tabaka la juu. Katika GIMP nenda Layer, Mask, Add Layer Mask. Bonyeza D kurudisha rangi nyeusi na nyeupe, na X kuzibadilishana. Hakikisha umebofya kijipicha cha maski na si cha picha yenyewe, maana ukisahau utapaka rangi nyeusi juu ya picha. Ukishikilia Alt na kubofya kijipicha hicho, katika Photoshop na katika GIMP, utaiona maski peke yake. Fanya hivyo mara kwa mara: madoa ya brashi yaliyosahaulika, ambayo kwenye picha yanaonekana kama uchafu usio na chanzo, hujianika papo hapo.

Upana wa mpito

Mpito ni ule ukanda ambamo picha moja inafifia na nyingine inajitokeza. Uwe mpana kiasi gani? Wengi hujibu kwa kuzoea, brashi ileile kila mahali, na hapo ndipo mshono unapozaliwa.

Mwaka 1983 Peter Burt na Edward Adelson walieleza kanuni ambayo hadi leo inaongoza programu za kuunganisha picha za mandhari pana: upana wa mpito ulingane na ukubwa wa maumbo yaliyopo. Maumbo makubwa na laini, kama mwanga wa anga unavyobadilika taratibu, yanahitaji mpito mpana. Vitu vidogo, kama majani, changarawe na nyuzi za kitambaa, vinahitaji mpito mwembamba. Njia yao huigawa kila picha katika viwango, kutoka maumbo makubwa hadi vitu vidogo kabisa, huunganisha kila kiwango kwa upana wake, kisha huvirudisha pamoja. Enblend, inayotumiwa na programu ya bure ya Hugin, hufanya hivyo yenyewe.

Ukifanya kwa mkono, kanuni hiyo inageuka kuwa uamuzi wa kila sehemu:

- Anga juu ya anga, ukuta laini juu ya ukuta laini, maji tulivu: tumia gradienti ya nyeusi kwenda nyeupe ndani ya maski, ndefu ya mamia ya pikseli. Mpito mfupi hapa utaacha mstari.
- Nyasi, mawe, majani: tumia brashi ndogo yenye ukingo karibu mkali, ukifuata umbo la kila jiwe au shada. Mpito mpana hapa utaleta mizuka, yaani nyasi mbili zilizolaliana, zote zikionekana nusu nusu.
- Palipo na vyote viwili, anza na gradienti pana, kisha ingia na brashi ndogo uamue kila kitu chenye umbo kiwe cha picha ipi. Jiwe moja lisigawanywe.

Njia bora ya mshono ni ile ambayo tayari ipo kwenye picha. Mgongo wa kilima, pembe ya ukuta, ukingo wa kivuli, ufa wa mwamba: pitisha mpito wako hapo, kwa kuwa jicho linategemea kuona mabadiliko mahali kama hapo. Mstari ulionyooka katikati ya uwanja mtupu ni mahali pabaya kuliko pote.

Kwa brashi, punguza Flow, yaani kiasi cha rangi kinachotoka, hadi asilimia 10 au 20 na upake mara nyingi. Kila pigo likibadilisha kidogo tu, mkono wako unapata nafasi ya kusimama kwa wakati.

Kitu kilichokatwa: kingo na nywele

Ukingo wa kitu kilichokatwa mara nyingi hubeba rangi ya usuli wake wa zamani. Punguza maski kwa pikseli 1 au 2 kuelekea ndani, kisha ilainishe kati ya nusu pikseli na pikseli 1. Usikisie ulaini huo. Kuza usuli mpya, tafuta ukingo wa kitu kingine kilicho umbali sawa, uuige. Kamera yoyote huacha kingo zenye ulaini fulani, na ukingo mkali kuliko zote hujulikana kuwa mgeni.

Rangi ikibaki, tengeneza tabaka lililobaniwa juu ya kitu, lipe namna ya Color, dondoa rangi ya sehemu ya ndani ya kitu iliyo karibu na ukingo, na upake taratibu palipochafuka. Katika namna hiyo mwanga haubadiliki, rangi tu ndiyo inayobadilika.

Nywele hazikatwi kwa kuchora. Tazama chaneli tatu, chagua ile ambayo nywele na usuli wa zamani vinatofautiana zaidi kwa mwanga, inakili, kisha tumia Levels kuisukuma hadi nywele ziwe nyeusi na usuli mweupe. Igeuze, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, na tayari ni maski yenye kila unywele. Nywele nyeusi zilizopigwa picha mbele ya ukuta mweupe zina njia rahisi zaidi: nakili tabaka, lipe namna ya Multiply, na liache lionekane kwenye nywele tu. Multiply huzidisha thamani mbili na kugawanya kwa 255, kwa hiyo 200 juu ya 100 huwa 78, na nyeupe, yaani 255, haibadilishi chochote. Ukuta mweupe unatoweka wenyewe. Inafanya kazi pale usuli mpya unapokuwa mwangavu kuliko nywele. Usuli wa giza huzimeza. Screen hufanya kinyume chake, na ndiyo ya kuchukua kwa moto, cheche au moshi uliopigwa picha mbele ya weusi.

Kivuli

Kitu bila kivuli kinaelea. Tengeneza vivuli viwili, kila kimoja kwenye tabaka lake la Multiply. Cha kwanza ni kile cha mguso: ukanda mwembamba na mweusi mahali kitu kinapogusa ardhi, chini ya soli ya kiatu au mguu wa kiti. Wengi hukisahau, na mimi nakiona muhimu kuliko kile kirefu.

Cha pili ni kivuli kinachoangushwa. Jaza umbo la kitu kwa rangi ya giza, lilaze kwa kifaa cha kupinda umbo, na ulielekeze sawasawa na vivuli vingine vya usuli. Rangi yake idondoe kutoka vivuli hivyo. Chini ya anga la mchana lisilo na mawingu kivuli huelekea ubuluu, kwa sababu kinaangazwa na anga lenyewe. Kisha lainisha ukingo wake kadiri unavyokwenda mbali na kitu. Jua linaonekana angani kwa upana wa karibu nusu digrii, hivyo ukingo wa kivuli hutanuka takriban milimita 9 kwa kila mita 1 kutoka kwenye kitu kinachouangusha. Kivuli cha kifundo cha mguu ni kikali na cha kichwa ni laini. Nakili kivuli, nakala moja iwe na ukungu kidogo na nyingine mwingi, uziunganishe kwa maski ya gradienti.

Chembechembe na ukali

Kuza hadi asilimia 200 utazame sehemu tupu za picha zote mbili. Kamera huacha chembechembe, nyingi zaidi penye giza na mara nyingi katika chaneli ya buluu. Iliyo safi iongezewe chembechembe, maana kuzifuta kwenye iliyochafuka hupoteza pia vitu vidogo. Njia salama ni tabaka la kijivu cha asilimia 50 lenye namna ya Overlay, uliwekee Add Noise, na ulibanie kwenye kitu. Likizidi, punguza uzito wake. Chembechembe hizo hizo huficha mistari ya ngazi kwenye anga.

Kitu kikiwa kikali kuliko majirani zake, Gaussian Blur ya nusu pikseli inatosha.

Kagua kabla ya kutoa

Geuza picha nzima kama kwenye kioo. Jicho lako limeshaizoea, na likiiona upya litakuonyesha kosa la mizani au mwanga mara moja. Ipunguze hadi iwe ndogo kama kijipicha. Kitu kinachochomoza hapo bado hakijapatana kwa mwanga.

Kipimo kikali zaidi ni hiki: weka Curves juu ya yote na uuchore mstari ukipanda na kushuka mara kadhaa, kama mawimbi. Picha itageuka rangi za ajabu, na kila mshono, alama ya brashi na ukingo wa gradienti utajitokeza. Rekebisha maski ukiwa umeiacha Curves hiyo iwake, kisha uifute Curves hiyo.

Hifadhi

Faili yenye matabaka ihifadhiwe katika muundo wa programu yako: PSD kwa Photoshop na Photopea, XCF kwa GIMP, KRA kwa Krita. Kwa kuituma, toa nakala iliyogeuzwa kuwa sRGB, wasifu wa rangi wa kawaida wa skrini na mtandao, JPEG yenye ubora wa 85 hadi 90, au PNG ikiwa inahitaji sehemu zisizo na usuli. Ukitakiwa kubadilisha kitu baadaye, rudi kwenye faili ya matabaka. JPEG ikifunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena, hubanwa upya, na miraba ya 8 kwa 8 huanza kuonekana kwanza pale pale ulipolainisha anga.